Shokapu ya Gunia Mbili

Mama aliniambia mara moja tu, tena kwa aibu, kwamba kiti cha nyuma kinampiga mgongo. Ugonjwa wake ulikuwa hukohuko mgongoni, kwenye mifupa, na kila baada ya wiki mbili nilimshusha kutoka kwetu Vudee hadi hospitali ya Same akachomwe sindano. Gari lilipanda mlimani likitaka, na mvua ikinyesha halikutaka. Tulitegemea pikipiki yangu, dude kubwa la zamani lililotengenezwa kwa safari ndefu, ambalo nyuma lina shokapu moja tu ya kumeza mitikisiko, chini ya kiti. Shokapu hiyo ilikuwa imekufa. Ilivuja mafuta mpaka tairi likaloa.

Nikashuka peke yangu kwa fundi, Same mjini. Akachakura kwenye rundo lake la vyuma, akanitolea mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye pikipiki ya aina ileile ya kwangu. Ukiikandamiza inazama, kisha inapanda taratibu. Ya pili ilitoka kwenye pikipiki nzito zaidi, springi yake nene kama kidole gumba. Niliiegemea kwa uzito wangu wote, haikushtuka.

"Unabebaga nini?" fundi akauliza.

Kwetu milimani shokapu hupimwa kwa magunia. Utasikia hii ya gunia moja, ile ya gunia mbili, na mwenye ya gunia moja atachekwa kijiweni mpaka aing'oe mwenyewe. Basi na mimi, na utu uzima wangu wote huu, nikajibu kama wanavyojibu wengine.

"Gunia mbili. Maharage."

"Basi hiyo laini tuwaachie walimu na madaftari yao," akasema huku akiokota spana. "Afe punda, mzigo ufike."

Nikacheka naye. Mama sikumtaja kabisa. Nilikuwa nimetoka nyumbani asubuhi kwa ajili yake, na nilipoulizwa ninabeba nini nikataja maharage. Hadi leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Safari ya kwanza pikipiki ilitulia vizuri sana. Mama alikuwa ameng'ang'ania koti langu kwa mikono miwili, nikadhani anaogopa kona. Tulipofika hospitali nilimuuliza anaionaje shokapu mpya.

"Nzuri, baba," akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Ahsante kwa kunihangaikia."

Nikavimba kichwa. Tukaenda mara ya pili, tukaenda ya tatu, na mara ya nne nilipomtolea pikipiki nje akakataa kuinuka kitandani.

"Niacheni nipumzike," akasema.

Nilibembeleza, kisha nikakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua. Nilimwambia ni mkaidi, kwamba watu wanaitafuta hiyo sindano hawaipati na yeye anaikataa kwa kiburi cha uzee. Mungu anisamehe, nilimwambia hivyo mama yangu mzazi. Alivuta khanga akajifunika uso. Hakushuka tena Same, na miezi miwili baadaye tulimzika nyuma ya migomba.

Matanga yalipokwisha nilitakiwa kwenda mjini kufuatilia cheti cha kifo. Sikuwa nimelala siku kadhaa, hivyo jirani yangu akaniambia niache aendeshe yeye. Nikapanda nyuma. Tangu niinunue pikipiki ile, sikuwahi kukaa nyuma.

Jiwe la kwanza lilinigonga kuanzia makalioni hadi kisogoni. Nilidhani tumeingia shimoni, lakini jirani wala hakugeuka. Huko mbele alikokaa mambo yalikuwa shwari, kama yalivyokuwa kwangu siku zote. Likaja la pili, na la tatu. Nikajikuta nimeng'ang'ania koti lake kwa mikono miwili, mimi mwanaume mwenye mgongo mzima.

"Simama," nikamwambia.

"Umesahau nini?"

Nilimwambia atangulie na pikipiki, mimi nitamfuata kwa miguu. Akanitazama, akaona machozi, akadhani ni ya msiba, akaondoka polepole. Nilikaa chini pembeni ya barabara. Mara tatu Mama alishuka hivyo, mara tatu akapanda hivyo, na mimi ndiye niliyemwita mkaidi.