Nyama ya Mama Chini ya Mndimu

Jumapili, 9 Agosti 1987

Mhariri na wasomaji wenzangu, naahidi kueleza yote bila kupunguza, ila jina langu na la kijiji chetu yafichwe. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Kwetu ni bara ya Malindi, tunalima mahindi na mihogo.

Mwaka huu mama alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama, akakitia katika chupa yenye dawa kali ya kuzuia kuoza, akasema kipelekwe maabara ya Mombasa kikatazamwe kwa hadubini. Gari la hospitali lilikuwa bovu, kwa hiyo chupa tulikabidhiwa sisi wenyewe. Baba alimtuma dada yake, shangazi yangu anayekaa Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi mjini, nami nimsindikize kwa kuwa najua kusoma. Nilifurahi. Mwalimu wetu wa biolojia ametufundisha kwamba ugonjwa huacha alama katika chembe za mwili, na kwamba wako madaktari ambao kazi yao ni kuzisoma alama hizo. Natamani siku moja niwe mmoja wao.

Basi la Mombasa lilikuwa la kesho yake asubuhi, tukashinda kwa shangazi. Alasiri nilitoka uani nikamkuta amechuchumaa chini ya mndimu, anafukia kishimo. Chupa ilikuwa wazi kando yake.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Kitovu chako nilikizika mimi. Nywele zako za kwanza nilizizika mimi. Leo nyama ya mama yako ikakae mezani kwa watu nisiowajua, waichezee? Hata!"

"Na Mombasa tutapeleka nini?"

Akaingia jikoni, akakata kipande cha mafuta katika nyama ya mbuzi ya chakula chetu, akakitumbukiza chupani. "Si wanataka nyama? Nyama hiyo. Na wewe msomi, ukifungua kinywa umeniua."

Nilinyamaza kwa sababu nilijipa moyo kwamba wataalamu wataitambua mara moja na kudai nyingine. Hawakuitambua. Jibu lilirudi kuwa ni mafuta tu, hakuna ugonjwa. Daktari akamwambia mama, "Nenda ukalime." Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akaninong'oneza, "Unaona? Niliuzika ugonjwa wenyewe." Anaamini hivyo kabisa.

Sasa ngozi ya titi imeingia vishimo kama ganda la chungwa. Kwapani kumetokea uvimbe mwingine. Mama hawezi tena kuinua ndoo kwa mkono ule, lakini hucheka, "Wenzangu wanatafuta unene hawaupati, mimi mafuta yamenifuata titini!" Shangazi akija humtania, "Wifi, tupunguzie basi, tukaangie samaki." Wanacheka wote wawili, nami natoka nje.

Nikimwambia baba, mama atarudishwa hospitali. Lakini baba na ndugu zake watauliza nyama ya kwanza iko wapi, na kwetu mtu akikutwa amefukia nyama ya mwenziwe uani kwake, ana jina moja tu: mchawi. Majuzi watu walifukua nywele nyuma ya nyumba ya mzee mmoja jirani, wakaichoma nyumba. Mzee alipona kwa mbio. Siku ile baba mdogo alisema, "Mwingine hatapewa nafasi ya kukimbia," na baba, ambaye ni mpole kwetu sote, aliitikia kwa kichwa. Nani atamsikiliza shangazi akisema aliificha nyama ya wifi yake watu wasije wakamdhuru kwayo?

Nimewaza kumwendea daktari peke yangu. Pengine bado kuna nafasi. Mwalimu alisema ugonjwa ukijulikana mapema mtu huweza kupona. Lakini mama hatakatwa tena bila baba kukubali, na baba hatakubali bila kuambiwa kwa nini, wakati jibu lilikuwa zuri na watu walishangilia.

Mama zenu mnawapenda kama ninavyompenda wangu, na mashangazi mnao. Mhariri, nimetia humu bahasha yenye stempu, nijibu kwa posta ya kwanza, usingoje toleo lijalo. Niwape daktari na baba sababu gani ya mama kukatwa tena, ambayo haitamuua shangazi?