Mdiria wa Shimo la Udongo

Nilipokuwa mtoto kule Magoma, sijaanza hata shule, masika yalituletea mdiria mdogo asiyezidi kiganja. Mgongo wake ulikuwa wa buluu, tumbo rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Huyu hakwenda mtoni kuvua samaki kama wenzake. Alitulia kwenye kitawi kando ya msitu, akashuka ghafla kumdaka panzi, kisha akampigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza. Kiota alikichimba kwenye ukingo wa shimo ambamo sote tulichota udongo wa kukandika nyumba.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na mwiko mmoja: mdiria akishaingia ukingoni, hakuna kuchimba mpaka atoke na makinda yake.

"Ukimvunjia nyumba, naye atakuvunja," alisema.

Mwaka ule mama mdogo Zaina alikuwa anaolewa, na ukuta wetu wa mbele ulikuwa umebanduka.

"Mama, wageni waje waone fito?" alimuuliza bibi.

"Subiri, Zaina."

"Harusi nayo imsubiri ndege?"

Akachukua jembe na karai. Nikamfuata.

Alichimba kidogo tu. Ndege akachomoka karibu na sikio lake, kisha ukingo mzima ukashuka, bila kishindo kikubwa. Nikabaki naona kichwa chake na mkono mmoja. Nilipiga yowe, watu waliokuwa wakipalilia mahindi jirani wakaja kumfukua kwa mikono. Alipona, ila mguu ulivunjika na harusi ikasogezwa mbele. Bibi alimuuguza muda wote ule wala hakumkumbusha neno.

Siku hizi naishi Korogwe mjini. Nimekuja kujua kwamba mdiria huyo hufuata mvua, kwa kuwa ndipo wadudu wanapojaa. Miezi anayotaga ndiyo ambayo udongo umelowa na ukingo hauna nguvu. Nilimweleza hivyo mama mdogo aliponitembelea, akichechemea kidogo.

Akacheka. "Mama aliniambia ya ndege, nikakaidi. Angeniambia udongo umelowa, ningesikia?"

Sijui kama bibi aliyawaza hayo. Pengine aliyajua, akaona tutamwogopa ndege kuliko udongo. Wanangu wakienda Magoma wakati wa mvua, nami nawapa habari ya ndege tu. Wanasimama mbali, wanamtazama. Hilo linanitosha kwa sasa.