Maji ya Zizi la Mama

Mwalimu aliyenisimamia chuoni Embu hakuwa mtu wa kurudia maneno. Nisipomwonyesha virusi vinavyoua bakteria kufikia Ijumaa, alisema, nitafute mada nyingine, yaani nirudie mwaka. Nilikasirika, kwa sababu kosa langu sikuliona.

Virusi hivyo hupatikana palipo na bakteria wengi, na wapi tena kama zizi letu la ng'ombe kule Manyatta? Nilikuwa nimempigia mama simu, akanitumia chupa ya maji ya zizini. Nikayachanganya na bakteria, nikamwaga kwenye sahani ya maabara. Kesho yake bakteria walikuwa wamenawiri sahani nzima kama nyasi za mvua. Nikarudia mara mbili. Wapi!

Jumatano nikaenda nyumbani mwenyewe. Mama akaniletea chupa nyingine, maji yanang'aa. Nikamuuliza mbona hayanuki.

"Sasa ningepelekea mwalimu wako uchafu?" akasema. "Nilichuja na kitambaa, nikachemsha vizuri."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Huyu ni mtu asiyempa mgeni kikombe kabla ya kukiosha mara mbili. Alikuwa amepika virusi vyangu vyote. Nikajichotea mwenyewe, samadi na vyote, naye akatazama kando kwa aibu. Maabara nikayapitisha kwenye kichujio kinachozuia bakteria wa samadi lakini si virusi, nikayachanganya na bakteria wangu kama awali.

Ijumaa asubuhi nilifungua sahani. Matobo! Madogo, angavu, yametapakaa kote kwenye zile nyasi za bakteria. Kwenye kila tobo kirusi kimoja kilikuwa kimetua juu ya bakteria, kikaingiza maagizo yake ndani, ganda likabaki nje. Bakteria akaacha kazi zake, akaanza kumuundia mgeni vichwa na mikia, mpaka akapasuka. Vikatoka virusi kwa makumi, vikavamia majirani. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakupona, nami nilifurahi kupita kiasi.

Mwalimu aliishika sahani kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akatia sahihi kuikubali mada yangu. Nilitoka pale nikitembea kama mwenye shamba.

Jumapili baada ya kanisa nilimsomea mama ripoti yangu. Nilipofika mahali palipoandikwa "zizi la mama, Manyatta", akanisimamisha.

"Ongeza hapo," akasema, "ya kwamba chupa za kwanza zilikuwa safi."

Niliongeza. Mwalimu hakuifuta sentensi hiyo.