Vichwa vya Bolti

Harufu ya mafuta yanayoungua kwenye chuma ilinipokea mlangoni mwa karakana ile ya Gisimenti. Nilikwenda kuagiza mlango tu. Fundi akauliza, "Mama, vichwa vya bolti vibaki nje ao tuvizamishe?"

Baba alivizamisha. Nilikuwa mtoto, tulikaa Rwezamenyo, mji umeharibika kwa mauaji, naye alikuwa akifunga bamba la chuma kwenye mlango wetu kwa keekee aliyoazima kwa jirani. Kila ncha ya kupanulia matundu aliijaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Moja ilichimba kidogo, kichwa cha bolti kikabaki juu. Nyingine ilikuwa pana mno, kichwa kikatumbukia na kucheza. Aliyoichagua mwishowe aliipaka mafuta, akaikandamiza polepole, na kichwa kikalala sawasawa na bamba.

"Pitisha mkono," akaniambia.

Nikapitisha kiganja. Chuma kilikuwa bado cha moto, na mkono haukukwama popote.

"Basi hata koleo halitapata pa kushika." Akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Chai aliyoletewa na mama ikapoa hapo hapo.

Bolti zile hakuna aliyezing'oa. Asubuhi moja tulisikia hodi, na sauti ilikuwa ya yule jirani mwenye keekee. Baba akaitikia karibu, kama siku zote, akaenda kufungua. Nyuma ya jirani walisimama watu wenye mapanga.

Fundi alikuwa bado anangoja jibu.

"Weka vyovyote," nikamwambia.