Mfuko wa Jalada la Nyuma

Mawakili vijana walimwita Mama Mfukoni, na mtu asiyejua angedhani ni jina la mwizi wa sokoni. Kumbe alikuwa mkutubi wa maktaba ya mahakama, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na karatasi kuukuu, ambamo kompyuta pekee ilikufa zamani na kubaki na kazi ya kuzuia mlango usijifunge. Kesi zilitafutwa kwa mikono. Unaanza na faharasa, unalisaka jambo lako kwa herufi; faharasa inakutuma kwenye juzuu na ukurasa; unapanda ngazi, unaishusha juzuu, unasoma. Wengi walikomea hapo, wakafunga kitabu na kutoka mbio. Yeye akawapigia kelele toka mezani:

"Umeangalia mfukoni?"

Maana ndani ya jalada la nyuma la kila juzuu kulikuwa na mfuko wa karatasi ngumu, na humo kijitabu chembamba cha nyongeza, kinachoeleza yaliyozipata kesi zile baadaye: ipi ilifuatwa, ipi ilitiliwa shaka, ipi ilitenguliwa na mahakama ya juu.

"Kesi nayo hufa," aliwaambia. "Usiende kusimamisha maiti mbele ya jaji."

Walicheka, lakini waliangalia.

Sasa mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa amefiwa na mwanamume aliyeishi naye miaka mingi bila ndoa. Nyumba waliijenga pamoja, tofali kwa tofali, yeye akishona mpaka macho yanamwuma. Matanga hayajapoa, ndugu wa marehemu wakaja kumwambia afungashe. Mke gani asiye na cheti? Wakili wa kumtetea hakuwa naye. Alikuwa na dada tu.

Dada alitafuta wakati wenzake wamekwenda kula. Alianza kwenye "Mirathi", akatoka mikono mitupu. Akajaribu "Ndoa", vilevile. Kwenye "Nyumba" akakuta mstari mmoja mdogo uliompandisha ngazi kama msichana. Akasoma akiwa amesimama hukohuko juu: mwanamke asiyeolewa, nyumba waliyoijenga wawili, ndugu wa marehemu mlangoni. Na jaji amesema mama huyu asitolewe! Ilikuwa kama mtu ameandika habari za mdogo wake kabla hazijatokea. Alishuka, akatoa nakala, akampigia simu mdogo wake. Huko upande wa pili kulikuwa na vigelegele, kisha kilio, kisha vigelegele tena. Nakala ikapelekwa mahakamani, na nyingine kwa wakili wa wale ndugu, kama utaratibu unavyotaka.

Jalada la nyuma hakulifunua. Hata angelifunua angekuta mfuko mtupu, kwa sababu nyongeza za zamani zilikuwa zimeondolewa, na mpya zilikuwa bado zimefungwa ndani ya bahasha chini ya meza yake mwenyewe, zikingoja zamu ya kuchomekwa. Furaha ilimfanya asahau neno analolihubiri kila siku.

Alilikumbuka siku moja kabla ya kesi, alipoifungua bahasha ili afanye kazi yake. Alipofika kwenye juzuu ile alijikuta anasoma. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: uamuzi umetenguliwa na Mahakama ya Rufani. Akausoma tena, kidole kikiwa juu yake, kana kwamba kidole kingeweza kuufuta. Akavuta kiti, akakaa.

Bado amekaa hivyo, akaingia wakili wa wale ndugu, kijana mpole wa tai nyekundu, ambaye hakujua kwamba yule fundi cherehani ni mdogo wa mkutubi.

"Shikamoo, Mama Mfukoni."

"Marahaba, baba."

Akaitaja juzuu ileile. "Na nyongeza mpya zimefika? Maana najua utaniuliza tu."

Kijitabu kilikuwa mkononi mwa mkutubi. Droo ilikuwa wazi, karibu na goti. Kusema "bado" ni neno moja. Lakini alijua kesho jaji mwenyewe angemtuma karani kuja kuangalia, na mdogo wake angeumbuka mbele za watu.

"Zimefika," alisema, akampa.

Kijana alisoma, uso ukamng'aa. "Mama, wewe ni mwalimu wetu sote!" Akatoa nakala, akaaga kwa heshima zote.

Mdogo wake alikuja mchana, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku ya mahakama.

"Dada, nitazame. Si nimefanana na mwenye nyumba?" Akageuka mbele na nyuma. "Mbona umenuna? Au kola imekaa upande?"

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

Alimwambia yote, mpaka habari za bahasha. Yule hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Lakini wewe ndiye uliyesema tumepata."

"Nilisema."

"Basi tafuta nyingine. Vitabu vyote hivi, dada, vimejaa mpaka darini!"

"Nimetafuta. Asubuhi yote."

 Mdogo wake akaivuta ile juzuu, akaifungua kwenye ukurasa ambao nakala yake alikuwa akiilaza chini ya mto kila usiku, akapitisha kiganja juu ya maandishi kama anavyokagua kitambaa.

"Kwa hiyo huyu mama naye walimtoa."

"Walimtoa."

"Akaenda wapi?"

Mkutubi alizoea kuulizwa maswali humu, na kwa kila swali alijua ni rafu ipi. Aliinua macho akatazama juzuu zilivyojipanga, migongo yao ya rangi moja, toka mlangoni hadi dirishani.

"Haijaandikwa," alisema.

Mdogo wake alifunga kitabu taratibu, akalikunjua gauni lisipate mikunjo, akabaki ameketi. Hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani.