Nilicheza hatua isiyorudiwa, sasa wanataka mdogo wangu asimame upande wa kushoto

Admin, jina langu libaki kwako, maana mama naye anasoma ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, naishi mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, na wazazi wangu, nkambo, yaani bibi aliyemzaa baba, na mdogo wangu wa kike wa miaka saba. Nimemaliza sekondari mwaka huu. Kuongea mbele za watu siwezi. Hata darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua, naliandika daftarini badala ya kulisema. Ninachokiweza ni kucheza, na hicho ndicho kilichonifikisha hapa.

Miezi miwili iliyopita walikuja wanawake watatu kutoka Amerika ya Kusini, wachezaji wa dansi ya kisasa. Mkubwa wao ni Mkolombia, tunamwita Profe, yaani mwalimu. Alisema mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huku kwetu, na wao wamebaki na hatua za miguu ambazo bibi zao walicheza bila kuwaeleza maana yake. Walitafuta wasichana sita wa hapa wacheze nao, kila mmoja alete mwendo wa bibi yake. Nilipochaguliwa nililia kwa furaha.

Wenzangu walileta ngoma za harusi na za mavuno. Mimi sikuwa na kitu. Kwa aibu nikaonyesha kile nilichokiona mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimejificha nyuma ya jiko.

Mama alizaa mapasa, wasichana wawili: huyu mdogo wangu, na mwenzake aliyeishi wiki moja tu. Kwetu pacha hasemwi kwamba amekufa. Tunasema ameenda kuteka maji, wala hatulii. Siku ile nkambo alitoka uani peke yake akamchezea aliyeondoka: kisigino chini mara mbili, mguu wa kushoto unafuta vumbi, kisha mkono unanyooshwa pembeni kama unampisha mtu. Aliponikuta nachungulia hakunipiga. Aliniambia, "Ile banacheza mara moja tu, njo ule mwenye alienda asirudie. Ukicheza tena, unamuita akuje kukamata mwenzake."

Nilijua. Ndugu zangu, nilijua na bado nikacheza.

Wenzangu, ambao huniita Bubu, walipiga makofi. "Bubu leo amesema na miguu!" Lakini Profe alikaa sakafuni, mkono mdomoni. "Hii naijua," alisema kwa Kifaransa chake cha kuvunjika. "Bibi yangu aliicheza mlangoni nikiwa mtoto. Maana yake nini?" Nikamwambia ni ya kukaribisha wageni. Akanikumbatia, akalia begani kwangu. Kisha akasema kwamba alikuwa na pacha wake, akafariki wakiwa wadogo.

Tangu hapo onyesho lote limejengwa juu ya hatua hiyo. Tunaicheza wanawake tisa, kila siku, tena na tena, na kila mmoja ameacha nafasi wazi upande wake wa kushoto. Juma la tatu Profe alianguka akiwa amesimama tu. Alisema kuna mtu alimwegemea. Wote walicheka isipokuwa mimi.

Nyumbani, mdogo wangu akaanza kugawa bukari yake, ugali wetu, katikati na kusogeza nusu pembeni. Mama akimwuliza anamwekea nani, anasema, "Yeye hajakula." Wiki iliyopita, mchana, nkambo alikuwa anachambua majani ya sombe uani, akamwona mtoto anapiga kisigino mara mbili na kufuta vumbi kwa mguu wa kushoto. Beseni likamdondoka.

"Weye, nani alikufundisha ile?"

"Mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Ule wa kuteka maji. Anasema ndoo imejaa."

Mimi hufanya mazoezi chumbani, mlango umefungwa. Labda alichungulia kama nilivyochungulia mimi. Najitahidi kuamini hivyo. Nkambo aliangalia miguu yangu tu, na tangu siku hiyo hanywi chai ninayompikia.

Jana, Jumapili, Profe alikuja kutusalimia. Alimpenda mdogo wangu papo hapo, akamwomba mama kwamba onyesho likifika mwisho, mtoto apande jukwaani asimame katika nafasi ya kushoto kwake, sisi wote tumkaribishe kwa ile hatua. Mama alifurahi sana. Yeye haijui, siku ile nkambo alipoicheza alikuwa bado hospitali. Ameshakata kitenge cha gauni. Nkambo alinivuta jikoni. "Umwambie ule mama mugeni, kwa kinywa yako. Mimi siwezi kutaja."

Onyesho ni Jumamosi. Nikisema, itabidi nitamke kifo ambacho nyumbani kwetu hakijawahi kutamkwa. Itabidi nimwambie Profe kwamba kile alichokitafuta miaka yote, bibi yake alikicheza ili pacha aliyefariki asimrudie, na mimi kwa uongo wangu nimemfanya amwite kila siku. Nikinyamaza, mdogo wangu atasimama pale.

Leo asubuhi niliwahi mazoezini niseme. Profe alikuwa amepiga magoti, anachora kwa chaki mahali pa mtoto. Nikafungua mdomo. Yeye akanitangulia, akicheka: "Mdogo wako jana aliniomba niiache pana. Anataka nafasi ya watu wawili."

Nikavua viatu, nikaingia mstarini na wenzangu. Zimebaki siku tano. Ninyi mliozaliwa mapasa, na ninyi mnaowalea, nishaurini: nianze na neno gani?