Upande wa Kulia wa Tairi

Anayetaka kujua nilivyoishi mwaka ule mjini Baraka asiniulize mimi, aulize tairi langu la nyuma. Mimi ningemdanganya. Ningesema nilikuwa nakula, nalala, naenda kazini, hewala.

Nilikuwa muuguzi wa chanjo, na watu waliniita Muganga. Sanduku la dawa nililifunga kwa mipira juu ya tangi la pikipiki, nikapanda hadi Fizi, nikashuka, wiki nyingine nikaenda Mboko. Nyuma yangu kiti kilikuwa kitupu. Zamani hakikuwa kitupu. Kwa miaka mitano alikikalia mke wangu, kila nilipokuwa na safari na yeye hana shamba la kulima. Alikaa kama wanawake wote wa kwetu walivyokaa, miguu yote miwili upande wa kushoto, kitenge kimebanwa chini ya mapaja, maana kulia kulikuwa na bomba la moshi. Mwanamke wa kutanua miguu juu ya pikipiki angesemwa mpaka kanisani.

Ukimbeba mtu aliyekaa hivyo, kona ya kushoto haina shida. Unalala nayo, naye anashuka pamoja nawe, vidole vyake vikikaribia vumbi, anacheka. Ya kulia ndiyo kesi. Ukilala kulia, yeye anabinuka kinyumenyume na hana pa kushika ila shati lako. Mara ya kwanza nilimwangusha kwenye mihogo ya watu. Aliinuka, akajipangusa, akaniambia kwa upole kuliko nilivyostahili kwamba hiyo iwe ya kwanza na ya mwisho. Tangu siku hiyo kila kona ya kulia niliizunguka polepole, nimesimama wima kama aliyejitwika ndoo.

Alikufa kwa homa, msimu wa mvua, kwa siku tatu tu. Mimi niliyechoma sindano nusu ya watoto wa Fizi nilikaa kando ya kitanda nimemshika mguu. Hatukuwa na mtoto. Watu wa matanga walipoondoka, nyumba ilibaki na sufuria mbili na mimi.

Niliporudi kazini, daktari aliyekuwa mkuu wetu alinipa tairi jipya, akanionya kuwa ndilo la mwisho kwenye stoo. Likiisha kabla mvua hazijarudi, pikipiki ingepelekwa kwa mwenzangu wa Mboko, na mimi ningefanya kazi kwa miguu. Mwingine angeogopa kutembea. Mimi niliogopa mtu mwingine kukalia kile kiti. Upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea pale alipokaa miaka yote, na jioni, nikiwa peke yangu uani, niliweka kiganja pale. Sikuwa na kitu kingine chake ambacho ndugu zake hawakurudi nacho kwao Ubwari.

Kiangazi kilikuwa hakijafika nusu nilipompelekea fundi wa Baraka tundu la kuziba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwenye matanga alilala kwangu siku zote bila kunisumbua kwa pole. Alilizungusha gurudumu taratibu, kisha akaniita nitazame. Upande wa kushoto wa tairi ulikuwa umelika, laini kama kisigino. Upande wa kulia ulikuwa bado na nywele, zile nywele za mpira za tairi linalotoka dukani.

"Muganga," alisema, "zamani nilikuwa naona hivi, mi najua sababu. Leo, hii upande unamuchungia nani?"

Nilimjibu kwa hasira kuwa ni barabara. Barabara ya Fizi ina makosa mengi, lakini hilo niliisingizia tu, maana kona ya kulia ukipanda ndiyo ya kushoto ukishuka. Fundi hakubishana. Alisema angeweza kulipindua tairi, lakini na upande huo ningeula vilevile, afadhali anipindue mimi. Mazoea yana taabu, akaongeza, akarudi kwenye tundu lake.

Jumamosi, salongo ilipokwisha na watu wangali na makwanja mkononi kwa ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara, alinipeleka kwenye uwanja wa mpira. Alinizungusha kulia, kulia, kulia, nikilizunguka rundo la majani yaliyofyekwa. Aliniamuru nisitazame chini, nitazame ninakokwenda, pikipiki itafuata macho. Watu walisimama kutucheka, na walikuwa na haki. Kila nilipoinama, mgongo wangu ulisubiri shati livutwe. Halikuvutwa. Nilianguka mara mbili, na ya pili nikalia, nikasingizia goti.

Nilijifunza hata hivyo. Sitajifanya kwamba haikuwa tamu. Siku moja nikipanda Fizi nililala kulia mpaka kikanyagio kikakwaruza udongo, nikacheka kwa sauti, nikageuka nyuma nimwoneshe. Nilisimamisha pikipiki, nikakaa kando ya njia muda mrefu, na chanjo zilichelewa.

Mvua ziliporudi tairi lilikuwa bado linasukuma. Daktari aliliangalia, akasema basi, pikipiki ibaki Baraka. Nilipita kwa fundi kumpa habari. Alichuchumaa nyuma, akapitisha kiganja juu ya tairi, kushoto hadi kulia, kulia hadi kushoto. Pote palikuwa sawa. Alifurahi kama fundi anavyofurahia kazi yake ikikaa.

"Sasa ndo unapanda peke yako," alisema.

Nilimshukuru, kwa kuwa alistahili, nikawasha pikipiki. Kona ya kwanza ya kwenda nyumbani ilikuwa ya kulia, na nililala nayo vizuri.